Diski za Blu-ray na Tivi ya Inchi 32

SWALI: Habari zenu. Juzi nilikuwa Luthuli Avenue natafuta ekstensheni nikapata jamaa ametandika diski za Blu-ray za mtumba, akaniitisha 800 kwa moja, na muvi hiyo hiyo kwa DVD orijino alikuwa ananiachia na 250. Akaniapia nikishaonja Blu-ray sitarudi DVD tena. Mimi niko na tivi ya inchi 32 na deki ya DVD ya kitambo, na mama watoto amesema kama kuna pesa ya kuchezea basi kwanza tujaze gesi. Tofauti iko kweli ama ni mdomo tu wa biashara? – Baba Shiru, Umoja

JIBU: Baba Shiru, hata kabla tufike kwa picha, hiyo deki yako haitaisoma. Utaiweka, izunguke, ikwaruze kidogo halafu ikwambie hakuna diski ndani. Deki ya DVD inasoma na leza nyekundu, Blu-ray inatumia ya buluu iliyo nyembamba zaidi kwa sababu data imebanwa sana, ndio maana diski moja inabeba GB 25 ama 50 na DVD inaishia 4.7 ama 8.5. Deki ya Blu-ray lakini inasoma zote mbili, hata PS3, ile mashine ya gemu, inafanya hiyo kazi. So hesabu yako si 800 kwa 250, ni 800 na deki ingine na waya wa HDMI, maana zile waya tatu nyekundu, nyeupe na ya manjano hazipitishi HD, yaani ile picha kali ya nukta nyingi, hata ufanye nini.

Tofauti iko, huyo jamaa hakukudanganya. DVD ya PAL, ule mfumo wa picha wa huku kwetu, ina nukta 720 kwa 576, Blu-ray ni 1920 kwa 1080, chukua kalkuleta ya simu uzidishe utaona ni mara tano kamili. Mahali inaonekana si kwa sura za watu wakiongea, ni kwa nyasi, kwa mvua, kwa umati wa watu, na zaidi kwa giza: kwa DVD ukuta mweusi usiku unakatika vipande vipande vya mraba kama vigae vya choo, kwa Blu-ray unabaki ukuta.

Sasa shida ni inchi 32. Nyingi za saizi hiyo ni 1366 kwa 768, yaani karibu nusu ya zile nukta umelipia zinatupwa kabla zifike kwa macho. Halafu unakaa mbali kiasi gani? Mimi nilijaribu kwangu, tivi kama yako, sofa kama mita tatu hivi, nikamwekea shemeji DVD halafu Blu-ray bila kumwambia gani ni gani, akasema ile poa ni ya kwanza. Tukabeba deki hadi kwa jirani mwenye inchi 50 na hapo hata mtoto wake aliuliza mbona hii ingine ni kama ina vumbi.

Kwa hivyo jazeni gesi. Siku utanunua tivi kubwa ya 1080 kwenda juu, nunua Blu-ray za zile muvi unajua utarudia, za kuona mara moja DVD inatosha, ama ukajaziwe fleshi.

Na siku hiyo usinunue ukiwa na haraka. Boksi ya Blu-ray ni ya plastiki ya buluu na ni fupi kidogo kuliko ya DVD. Geuza diski yenyewe: ukiona chini ni zambarau na juu kumeandikwa HD na maka peni, hiyo ni DVD imechomwa na kompyuta, hata 100 usitoe. Uliza pia imetoka wapi. Za eksi-UK hazina neno, sisi na Ulaya tuko rijeni B, yaani eneo moja la dunia ambalo diski na deki zake zinaelewana, lakini za Marekani ni A na kuna zingine zimefungwa kabisa, deki ya B inazikataa. Kuna rafiki yangu alitumiwa boksi nzima na shangazi yake aliye huko, na mpaka leo zinapamba tu kabati.

SWALI: Na nikiweka DVD zangu za zamani kwa deki ya Blu-ray, zinageuka HD? – Msomaji, Kayole

JIBU: Hapana. Deki inakisia nukta zinazokosekana na kuzijaza yenyewe, so picha inalainika kiasi, lakini kitu hakikuwa kwa diski haitakitoa popote. Angalia tu kwa setingi kama imewekwa 1080, kuna watu wanakaa nayo miaka ikiwa kwa 576 na wanalaumu deki.