Mbwa kugoma kuja ukimwita: mimi ilibidi nikimbie

Mkuu umesema mbwa wako ndani anatii kila kitu ila mkitoka uwanjani ukimwita anakuangalia usoni halafu anasepa, na watu washakushauri umchape. Usimchape. Hayo nimeyapitia mwenyewe.

Ninao wawili, Bosi na Kaptula (manyoya ya miguu ya nyuma ni meupe mpaka juu ya magoti, ukimwona kwa mbali unasema huyu kavaa kitu). Aliyenitoa jasho ni Bosi. Nilikuwa namwita mara moja tu, muda wa kurudi ndani, akifika namfunga mnyororo starehe imeisha. Sasa ungekuwa wewe ungekuja?

Siku moja nikamkimbiza robo saa nzima mpaka nikakaa kwenye majani nahema kama nimebeba magunia. Nashangaa jamaa anarudi mwenyewe, anafika hatua mbili mbele yangu anashusha kifua chini, miguu ya mbele kainyoosha, makalio juu, mkia unaenda huku na huku. Mbwa akikaa hivyo anakwambia njoo tucheze. Kumbe mimi nafukuzana na mkaidi, mwenzangu anajua tuko kwenye mchezo na mimi ndo nauharibu kwa kuchoka mapema!

Kesho yake nikageuza kibao. Namwita jina mara moja tu kisha nakimbia MIMI, tena upande mwingine kabisa, majirani waseme wanachosema. Mbwa kufukuza kinachokimbia iko kwenye damu yake, hawezi kuvumilia. Akinifikia anapewa kipande cha nyama au tunavutana kamba kidogo, halafu namwambia haya nenda. Hapo kwenye haya nenda ndo penyewe, mara nyingi umwite umwachie arudi kwenye mambo yake, mnyororo uwe mara chache.

Zawadi nayo iwe papo hapo, sekunde moja mbili. Mwanzoni nilikuwa naanza kuisaka mfukoni, Bosi keshafika, kasubiri, kachoka, kanirukia kifuani, ndo nampa. Baada ya wiki nikawa na mbwa anayekuja mbio vizuri sana na kunipiga dafrao, maana alichoona analipwa ni kule kuruka.

Halafu kuna wanaosema ukimwachia mbwa ashinde kamba atakupanda kichwani. Sijaona hicho kitu. Bosi nikimwachia ashinde hatoroki nayo, anairudisha imelowa mate ananisukumia magotini nishike tena. Ila kama wako bado mdogo, ile miezi 4 mpaka 6 anabadilisha meno, usivute kwa nguvu.

Na dakika 5 zinatosha, kisha pumzikeni. Kaptula zikizidi anaanza kupiga miayo na kunusanusa chini, si usingizi ule, kichwa kimejaa. Acheni akiwa bado anataka, kesho atakusubiri mlangoni.

Sisemi Bosi kawa malaika, akiona ndege anasahau hata jina lake, hilo bado tunapambana nalo. Kaptula ndo kanishinda akili, kagundua nikiita "Bosi!" kuna nyama, basi nikigeuka namkuta yeye keshafika, kakaa kwa adabu zote, na Bosi hata hajaanza kukimbia.