Boti ya tanga ya mtumba, ione kwanza ikiwa kavu

Juzi kuna kijana wa Tanga kanitumia meseji nikiwa kwenye daladala, nimeisoma mpaka nikapitiliza kituo. Kaandika hivi: "Shikamoo kaka, nimepata yoti ya futi 32 ya Mzungu anayerudi kwao, bei milioni 25, dalali anataka nitangulize nusu kabla ya Ijumaa maana kuna mtu mwingine yuko tayari. Nimeenda kuiona ndani ni nzuri mno. Nilipe?"

Mdogo wangu, usilipe. Hilo nilishakujibu pale pale kwa kifupi, sasa nakujibu kwa kirefu ili na wengine wasome, maana hayo maneno yote uliyoandika, la Mzungu anarudi kwao, la Ijumaa, la mtu mwingine yuko tayari, mimi nimeambiwa yote mwaka 2021 hapa hapa Dar, na nikayaamini yote.

Najua wengi mnaonisoma mna ndoto kama yangu. Mnakaa pale Msasani jioni mnaangalia zile yoti zimefunga maboya mnasema na mimi siku moja nitalala humo, niamke Mafia. Mimi nimeanza hiyo ndoto mtoto. Mjomba wangu alikuwa na mashua Kunduchi, nikiwa darasa la tano nilishajua kushika demani, ile kamba ya kuongozea tanga, najua kusi likianza kukaza bahari inageuka rangi gani, najua kuteka maji ya ngama, pale chini kabisa ndani ya chombo yanapojikusanya. Kwahiyo nilipouza kiwanja changu cha Kibada na kupata milioni 18 sikutaka gari wala bodaboda tano za kukodisha kama shemeji yangu alivyonishauri, nilitaka boti ya tanga ya kusafiria, yenye kitanda, jiko na choo.

Nikapata moja, ya Kiingereza ya miaka ya 70, futi 28, bodi ya faiba, mikuku miwili chini, yaani yale mapezi mazito yanayoipa boti uthabiti. Hapo kwenye mikuku miwili shikeni vizuri maana ndipo roho yangu inapouma mpaka leo, nitaparudia.

Dalali alinipeleka kwa kidau mchana, jua kali, maji yamejaa, boti imetulia pale inang'aa. Ndani kumepakwa rangi nyeupe mpya mpaka kwenye ngama, pakavu kabisa. Meza ya ramani ya mbao, taa ya shaba inaning'inia, vikombe vimepangwa kwenye kishubaka chake. Nikakaa kwenye ile meza nikaweka mikono juu yake na jamani pale pale nilishanunua, kilichobaki ni kutoa hela tu. Dalali akaniona. Akaniita mdogo wangu, akasema wewe ni mtu wa bahari, ningekuwa na moyo wa kuiuza kwa mtu yeyote lakini nimeona nikupe wewe. Nilimwamini kwa sababu alisema kile nilichokuwa nataka mtu aniambie maisha yangu yote. Nikalipa yote. Si nusu, yote.

Wiki mbili baadaye napigiwa simu alfajiri na mlinzi wa boti za jirani, bro boti yako imelala chini sana. Nafika nakuta maji yako juu ya mbao za sakafu, godoro linaelea, ile meza ya ramani miguu yote ndani ya maji.

Ndiyo nikajua siri ya ile ngama kavu. Kulikuwa na pampu ya otomatiki chini, inajiwasha yenyewe usiku na mchana kwa betri, na betri ilikuwa inachajiwa na sola ndogo juu ya deki. Baada ya kulipa dalali alikuja kuchukua ile sola, akasema ilikuwa ya mtu mwingine haimo kwenye mauzo, na mimi nikamsaidia kufungua nati. Betri ikaisha, pampu ikanyamaza, boti ikaanza kuzama kwenye maji matulivu kabisa ya ghuba.

Nikamtafuta mzee mmoja fundi wa mashua kule Kigamboni, mtu wa makamo ya babu, hajawahi kuwa na yoti lakini kajenga na kukalafati vyombo tangu ujana. Akaniuliza swali moja tu, uliiona chini? Nikasema chini wapi mzee, ilikuwa inaelea. Akasema basi hukuiona.

Tukasubiri bamvua. Kwa wasio wa pwani, bamvua ni yale maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, hapa Dar tofauti ya kujaa na kupwa inapita mita 3, na maji yanakuwa yametoka kabisa mida ya saa nne, saa tano asubuhi. Tukaileta boti ufukweni maji yakiwa yamejaa, mchanga msafi hauna mawe, tukatia nanga mbele na nyuma, tukakaa. Maji yakaondoka taratibu na boti ikasimama yenyewe kwa mikuku yake miwili kama meza. Hakuna kreni, hakuna magadi, zile nguzo za kuegemezea chombo kisianguke, hakuna shilingi hata moja. Boti za mikuku miwili Waingereza walizipenda kwa sababu hiyo hasa, huko kwao kuna bandari nyingi zinapwa mpaka chombo kinabaki kwenye tope. Yaani mimi niliyekulia Kunduchi, ninayejua kupwa na kujaa kabla sijajua kusoma, ningeweza kusubiri masaa sita tu kabla ya kulipa nikaona kila kitu bure. Sikusubiri. Hilo ndilo linaloniuma kuliko hela.

Mzee akapiga magoti kwenye mchanga akaniita. Akanionyesha mshono unaounganisha mkuku wa kushoto na bodi. Bahari ilikuwa imeshafika mbali huko lakini pale kwenye mshono maji yalikuwa bado yanatoka, tone, tone, tone, yanatoka ndani ya boti kurudi baharini. Akapitisha kucha, rangi mpya ikabanduka kama ganda la yai, chini yake silikoni imepakwa na kidole, alama za kidole unaziona kabisa. Chini ya silikoni ufa unaingia ncha ya kisu.

Akaenda kwenye valvu ya choo, ile inayopitisha maji ya bahari. Shaba yake ilikuwa imegeuka rangi ya waridi. Akaigonga na mpini wa nyundo, si kwa nguvu, ikameguka kama biskuti mkononi mwake. Shaba ya bei rahisi ikikaa kwenye maji ya chumvi zinki yake inaliwa kidogo kidogo, inabaki kitu chenye umbo la valvu lakini hakina nguvu ya valvu. Ingemeguka usiku katikati ya mkondo wa Zanzibar nisingekuwa naandika hapa.

Alafu akagonga deki yote kwa nyundo ndogo, tap tap tap, sikilizeni na nyie mkienda, palipo pazima panalia kavu na kali, palipooza ndani panalia bufu kama unagonga godoro. Tukaweka alama kwa chaki, nusu ya deki ya mbele ikawa chaki tupu.

Makaratasi nayo ni kilio kingine. Boti ilikuwa na bendera ya nje, imeingia nchini kama chombo cha mgeni anayepita, kodi ya kuingiza haijalipwa, na mwenyewe hajaifuta kwenye usajili wa kwao, kwahiyo huku huwezi kuisajili. Miezi 11. Habari za dirisha hili na dirisha lile naziruka, hazina faida kwa mtu. Dalali kwa kipindi chote hicho simu hapokei, na siku moja tulikutana uso kwa uso sokoni Feri akanisalimia vizuri tu, mdogo wangu hujambo, boti inaendeleaje. Sikumjibu. Mpaka leo sijui ningesema nini.

Hesabu yenyewe hii hapa. Mkuku na faiba milioni 6. Nyaya zote za mlingoti milioni 4.5, maana za zamani hakuna aliyejua umri wake na waya wa chuma unaoza ndani ya vichwa vyake huku nje unang'aa, ukifika miaka 10 hadi 15 mabaharia wengi wanabadilisha hata kama hauonyeshi kitu. Injini 5. Kodi na makaratasi 5.5. Tanga, mnyororo wa nanga na rangi 2. Jumla 23, ongeza 18 ya kununulia, milioni 41. Kwa milioni 41 ningepata boti nzima kabisa nikaanza kusafiri siku hiyo hiyo.

Sasa vijana sikilizeni. Boti inayoelea usiinunue. Nenda kaione kavu. Kama ni ya mkuku mmoja haiwezi kusimama yenyewe, mwambie muuzaji itiwe magadi imara pande zote au ipandishwe juu, na akikataa kuionyesha chini amekujibu tayari. Injini uikute ikiwa ya baridi, weka kiganja juu yake kabla haijawashwa, kama ni ya moto ujue wameshaibembeleza kabla hujafika. Ikiwaka angalia moshi, wa bluu inakula oili, mweusi ukiendelea inazidiwa au mafuta hayaungui vizuri. Zima pampu ya ngama, iache siku nzima, rudi uone. Makaratasi kabla ya hela, ya kufutwa usajili wa nje na ya kodi, uyaone kwa macho yako na uyapeleke mwenyewe TASAC, shirika la serikali linalosajili vyombo vya majini, na kama boti itakaa Zanzibar wana mamlaka yao ya bahari nenda huko. Na ione kavu. Nasema tena, ione kavu. Hao wageni wanaokuja na matanga kutoka mbali hawatuzidi bahari, bahari ni yetu, wazee wetu wamekwenda Arabuni kwa kaskazi na kusi kabla hao hawajaijua njia, wanatuzidi kitu kimoja tu, wanakagua. Sisi tunaona aibu kumkagulia mtu mali yake, tunaona kama tunamwambia mwongo. Acheni hiyo aibu.

Najua mtauliza najuta? Mwezi wa nane tumetoka Msasani saa nne usiku, mimi na kijana wangu wa miaka 14, kusi linatusukuma kutoka nyuma na mkondo nao unapanda kaskazini pamoja na sisi. Injini nimeizima. Dogo akashika usukani peke yake nikakaa pembeni nikiwa kimya, na taa ya mnara wa Chumbe ikatokea mbele, mnara uko pale tangu 1904, tukauacha mkono wa kulia. Nikashuka ndani na tochi nikainua ubao wa sakafu. Nikaingiza mkono kwenye ngama mpaka chini kabisa. Vumbi.

Kijana wa Tanga, Ijumaa iache ipite. Subiri bamvua, nenda na nyundo ndogo, tochi na fundi mzee wa mashua wa hapo kwenu, mlipe siku yake. Mshono wa mkuku upigeni picha unitumie, dalali atajibiwa baadaye.