Kongamano la kutafuta wateja: wakala wa bima aende?

Inategemea unauza nini, ndugu. Kama ni bima ya gari ile ya lazima, hifadhi nauli yako. Mteja huja mwenyewe kwa kuogopa trafiki. Ukiuza bima ya maisha, au ya afya kwa vikundi, nenda. Pale unakutana na viongozi wa SACCO na watu wa benki, na mmoja akikubali umepata wanachama wake wote. Mimi mikataba yangu mikubwa ilianzia kwenye foleni ya chai, si kwenye hotuba (nyingi zinasinzisha). Ila ukiuziwa orodha ya namba za simu huko, usiguse: Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 hapa Uganda inakataza kuuza taarifa binafsi za watu.