Vumbi jekundu juu ya rangi nyeupe: majibu kwa waundaji wa maketi za magari

Kiangazi kimeingia Lubumbashi, na maswali yenu ya maketi, yale magari madogo ya plastiki ya kuunganisha, yamebadilika pamoja nacho. Wakati wa mvua mlikuwa mnauliza kwa nini rangi inakauka na ukungu mweupe juu yake. Sasa karibu kila mmoja analia vumbi. Nimechagua maswali saba. Mengine yanatoshwa na sentensi chache. La vumbi nimelipa nafasi kubwa, kwa sababu nimeona kazi nyingi nzuri za hapa mjini zikiharibika katika usiku mmoja, wakati mwenyewe amelala.

Yaya, nimepuliza rangi nyeupe kwenye bodi ya gari langu la mashindano, kipimo cha 1/24 (dogo mara 24 kuliko gari halisi). Asubuhi nimekuta chembe nyekundu zimeganda kila mahali. Nilijaribu kuitoa moja kwa kidole, nikaacha alama mbaya. Nianze upya? (Msomaji wa Katuba)

Mdogo wangu, usitupe kitu. Hiyo alama ya kidole na hizo chembe zinatibiwa kwa dawa moja, ila sharti usubiri. Iache bodi siku mbili kamili, au tatu kama usiku una baridi kali kama ulivyo Juni na Julai. Ukitaka kujua kama imekauka kweli, inuse. Ikiwa bado inanukia thina, ndani ni mbichi hata kama juu ni kavu, na msasa utaichana.

Ikishaacha kunuka, chukua msasa wa maji namba 1500 au 2000. Uloweke kwenye maji yenye tone la sabuni ya vyombo, kisha sugua taratibu juu ya kila chembe mpaka kidole kisihisi kitu. Kaa mbali na kingo na mistari ya milango, kwa kuwa hapo rangi ni nyembamba kuliko popote na plastiki itajitokeza haraka. Osha, kausha, halafu puliza tabaka moja jembamba.

Sasa tuzungumze namna ya kuzuia. Watu wanafikiri vumbi linaingia kwa dirisha tu. Mara nyingi liko tayari juu ya bodi kabla hujashika kopo la rangi ya kupuliza. Plastiki ikisuguliwa kwa kitambaa kikavu hupata umeme kidogo, na huo umeme huvuta vumbi kutoka hewani. Ndiyo maana kadiri unavyoifuta kwa nguvu ndivyo inavyozidi kuchafuka. Ifute kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Vua sweta ya sufu. Zima feni. Nyunyiza maji sakafuni na uache hewa itulie kwanza.

Mimi hupuliza rangi katika chumba cha kuogea, dirisha likiwa wazi kidogo. Hakuna pazia wala zulia, na sakafu ni rahisi kulowesha. Huanza jua likishapanda na baridi ya asubuhi ikiisha, kabla upepo wa mchana haujaanza kuinua udongo wa barabarani. Nikimaliza tu, nafunika bodi kwa beseni nililolipangusa ndani kabla ya kuanza. Chini ya ukingo wa beseni naweka vijiti viwili ili mvuke wa thina upate pa kutokea. Hilo beseni limeniokolea magari mengi kuliko chombo chochote nilichonunua.

Ila wakati wa mvua usifuate mtindo huu wa kulowesha chumba. Unyevu mwingi hewani ndio unaoleta ule ukungu mweupe juu ya rangi.

Maduka ya maketi hapa ni ya kutafuta kwa tochi. Je, rangi ya magari halisi inayouzwa kwa mafundi wa garaji inafaa? (Kampemba)

Inafaa, lakini ina meno. Thina ya garaji ni kali, na maketi nyingi zimetengenezwa kwa plastiki ya polistirini ambayo thina hiyo huila. Gari langu la kwanza la buluu nililimwagia rangi hiyo nzito juu ya plastiki tupu. Kufika jioni paa lilikuwa limekunjamana kama jani la mchicha lililopikwa. Nililihifadhi, bado liko kabatini.

Kwanza osha bodi kwa sabuni, maana vipande hutoka kiwandani na mafuta ya kalibu. Kisha puliza rangi ya msingi: kijivu chini ya rangi za giza, nyeupe chini ya njano na nyekundu. Nyekundu juu ya kijivu hupoa, haiwaki. Halafu rangi ya garaji ije kama umande, kwa umbali wa sentimita 20 hadi 25, tabaka baada ya tabaka, huku ukiacha kila moja ipumue. Anza kupuliza kabla mkono haujafika kwenye bodi na uache ukishaipita. Ukianzia juu yake, rangi itatiririka. Ukienda mbali mno, itafika ikiwa nusu kavu na uso utakuwa kama ganda la chungwa.

Jaribu kwanza kwenye ile fremu ya plastiki inayoshikilia vipande. Ni plastiki ileile ya gari lako, na ungeitupa hata hivyo.

Rangi zenye chembe za metali sizipendekezi. Chembe zake zimepimwa kwa gari la mita nne. Juu ya gari la sentimita 18 zinaonekana kama sukari. Mwombe fundi akuchanganyie rangi ya kawaida, na kung'aa kuletwe na vanishi.

Kopo la rangi likipoa linatema matone. Naweza kulipasha karibu na mbabula, jiko la makaa? (Ruashi)

Hapana. Usifanye hivyo hata mara moja. Gesi iliyomo inashika moto, na kopo likizidi joto hupasuka. Liweke dakika chache kwenye maji ya uvuguvugu ambayo mkono unaweza kukaa ndani bila shida, kisha ulitikise vizuri. Na unapopuliza, mbabula yenye makala ya moto isiwe katika chumba hicho wala mlangoni pake.

Nimepewa maketi ya zamani. Dekali, zile picha na namba za kubandika, zimekuwa za manjano. Zimekwisha? (Likasi)

Si lazima. Ziweke ndani ya mfuko safi wa plastiki, uzibandike kwenye kioo cha dirisha linalopata jua, uso ukitazama nje. Jua letu la kiangazi huchubua ile manjano siku baada ya siku. Kabla ya kuzitumia kata moja usiyoihitaji, uiweke majini. Ikivunjika vipandevipande, zipulizie zote vanishi nyembamba, ziache zikauke, ndipo uzikate moja moja.

Bandika dekali juu ya uso unaong'aa tu. Juu ya uso mkavu usiong'aa hewa hunaswa chini yake, na utaona weupe kama fedha kuzunguka kila namba.

Nimefungua boksi nikakuta magurudumu sita. Je, kiwanda kimekosea? (Kamalondo)

Kiwanda hakijakosea, na una bahati! Hiyo ni Tyrrell P34, gari la Formula 1 lililobuniwa na Derek Gardner na kuingia mashindanoni mwaka 1976. Mbele lina magurudumu manne madogo, ya inchi 10, na nyuma mawili makubwa ya kawaida. Wazo lilikuwa kuficha magurudumu ya mbele nyuma ya pua ya gari ili yasizuie hewa, na idadi yake ifidie udogo wake katika kushika barabara. Halikuwa gari la maonyesho. Tarehe 13 Juni 1976, huko Anderstorp, Sweden, Jody Scheckter alishinda nalo na Patrick Depailler akafika wa pili katika gari la aina ileile. Baadaye matairi yale madogo hayakuendelezwa kwa kasi ya matairi mengine, na kufikia 1983 kanuni zilitaka magurudumu manne tu.

Kwa kulijenga, taabu iko mbele. Magurudumu yote manne lazima yaguse chini, na yote hugeuka na usukani. Weka chasisi juu ya kipande cha kioo kabla gundi haijashika, pitisha karatasi chini ya kila tairi, na urekebishe pale inapopita bila kukwama. Gundi ya maketi huyeyusha plastiki na kuunganisha vipande kama kuchomelea, kwa hiyo una dakika chache za kusahihisha, si zaidi. Matairi yasugue kidogo kwa msasa namba 400. Tairi la mashindano lililotumika haling'ai, na weusi wake unaelekea kijivu.

Injini ya maketi yangu ni tupu, haina waya hata moja. Waya za kuongezea zinaagizwa wapi? (Katuba)

Haziagizwi, mdogo wangu. Uko katika nchi ambayo watu wake waliwahi kuuziana vitu kwa misalaba ya shaba! Nenda kwa fundi anayesuka mota zilizoungua, mwombe mabaki. Waya zile nyembamba za shaba zimepakwa vanishi, zinapinda bila kuvunjika, na zinapatikana kwa unene mbalimbali.

Hesabu ni hii: unene wa kitu halisi gawa kwa namba ya chini ya kipimo cha maketi. Waya ya plagi ina milimita 7 hivi. Kwa gari la 1/24 unahitaji milimita 0.3. Bomba la breki la milimita 4.75 linakuwa 0.2, karibu na uzi mmoja wa ndani ya kebo laini ya taa. Ukiweka waya nene kuliko hapo, injini itaonekana imefungwa kamba. Toboa kila tundu kwa ncha ya sindano, tia waya, kisha tone dogo la gundi kali kwa kijiti cha meno. Gundi hiyo isikaribie vioo, mvuke wake huvitia ukungu. Vioo hushikwa kwa gundi nyeupe ya seremala.

Waya za plagi zipake rangi, lakini mabomba mengine yaache na wekundu wake. Shaba tupu ndani ya injini nyeusi inapendeza kuliko rangi yoyote ninayoweza kukuchanganyia.

Mwanangu ana miaka minane. Anaunda magari ya waya, na lake la mwisho linageuza magurudumu kwa usukani mrefu. Nimnunulie maketi, au bado mdogo? (Mama mmoja wa komini ya Kenya, hapa mjini)

Mama, huyo mtoto ameshafahamu usukani unavyovuta gurudumu, jambo ambalo wengi wetu tulilijua tukiwa watu wazima. Mtafutie maketi inayoshikana kwa kubana, isiyohitaji gundi wala thina. Wembe ushike wewe: yeye akuonyeshe pa kukata, wewe ukate. Rangi zinazochanganywa kwa maji na brashi moja laini zinamtosha.

Lakini koleo na waya usimnyang'anye ili apate nafasi mezani. Na kama hatachoka kuonyesha kazi yake, nitumie picha ya lile gari la waya. Nataka kuona alivyofunga ekseli ya mbele.