Jibu: Kuwashawishi watu wa Moshi wapime kwa mita na kilo

Dada, umeuliza uanzie wapi kuwashawishi watu wa kwenu Moshi waachane na hatua na debe. Mimi ningeanzia kwenye ardhi, maana huko ndiko hela nyingi zinakopotea.

Mashambani ekari huuzwa "hatua 70 kwa 70". Ekari kamili ni mita za mraba 4,047. Mpimaji mwenye hatua ya sentimita 75 akizihesabu hizo 70, upande unatoka mita 52.5, na eneo lote mita za mraba 2,756 tu. Mnunuzi amelipia ekari, kapewa kama theluthi mbili yake! Usihubiri. Nunua futi kamba ya mita 50, pimeni pamoja shamba moja mbele ya majirani, mwenye shamba akiwa amekubali. Na wauzaji usiwaite wezi. Wengi wanapima walivyorithi.

Debe lina ubishi zaidi. Mama wa mahindi pale soko la Mbuyuni atakuambia wateja wake wamelizoea, na hajakosea. Mwonyeshe tu kwamba debe la maharage na debe la mahindi hayalingani uzito, na lenye kichwa, lililojazwa hadi juu ya ukingo, ni habari nyingine kabisa. Lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo chake, nayo ni hivyohivyo, anayeumia ni mkulima.

Mbao za inchi mbili kwa nne waachie mafundi kwanza, huko utachosha watu bure.

Kabla hujaweka mizani yako sokoni, hakikisha imekaguliwa na Wakala wa Vipimo na ina stika yao. Wapinzani wataiangalia hiyo kabla ya kukusikiliza.