Yashica iache kabatini

Mwanangu,

Waalaikum salaam, na shikamoo yako marahaba. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili, ya pili kwa sauti ili babako asikie: "Mama, Desemba tunakwenda Istanbul siku nane, mimi na mume wangu, watoto na mama mkwe. Kamera zako za filamu nizichukue zote tatu ama nichague? Simu zimenichosha." Babako akacheka, akasema na wewe umeshaambukizwa.

Usichukue zote. Chukua Nikon FM2 na ile Olympus ndogo, mju. Yashica iache kabatini.

Najua Yashica ndiyo kipenzi chako. Kuinamia kile kioo chake ukaiona dunia imegeuka, kulia kushoto, ni raha ambayo simu haina. Lakini ina uzito wa kilo na ushei, roli yake inatoa picha 12 tu, na mtoto wa miaka mitatu hakungoji uiname. Ile ni kamera ya kumpiga mtu aliyekaa kitini. Wewe utakuwa na pochi, maji, koti la mtoto na mama mkwe anayeuliza choo kiko wapi. Tena jana nimemulika tochi lenzi zake, nimeona utando pembeni kama wa buibui. Ni kuvu, unyevu wetu huu wa Mombasa. Ya Nikon ni safi, alhamdulillahi, kwa sababu naiweka kwenye mkebe wa biskuti pamoja na zile paketi za kunyonya unyevu zinazokuja na viatu.

Sasa nikuambie jambo ambalo sijakusimulia vizuri. Nilipokwenda Muscat na nyanyako, nilibeba begi la kamera tatu na lenzi nne. Maringo ya mpiga picha. Siku ya pili, soko la Mutrah, nyanyako akakumbana na binamu yake ambaye hawakuonana tangu usichana. Walishikana mikono wakalia palepale njiani, watu wanawapita huku na huku. Mimi nilikuwa nimepiga magoti nabadilisha lenzi. Nilipoinuka walishafuta machozi, wanazungumzia bei ya ubani. Nikawapiga hivyo hivyo, na siku nzima nikaendelea kupiga, na roli ile ndiyo iliyokuja kutoka nyeupe pe. Mkanda haukushika meno. Nilipiga 36 hewani. Safari nzima nyanyako ana picha mbili, na moja amefumba macho.

Kwa hiyo hili lishike. Ukitia filamu kwenye Nikon na kufunga mgongo, zungusha taratibu kile kigurudumu cha kushoto, cha kurudishia filamu, mpaka uhisi imekaza. Halafu vuta wenzo kama unataka kupiga, macho yako yako kwenye kigurudumu kile. Kikizunguka, filamu inakwenda. Kikitulia tuli, fungua uanze upya. Namba za kihesabu usiziamini, zinapanda hata ndani mkiwa hamna kitu.

Kwa nini Nikon? Ilitoka 1982, na kufyatuka kwake ni chuma na springi tupu. Betri ni za kupimia mwanga peke yake, vile vidonge viwili. Baridi ya kule huzima betri mapema, na zikizima bado utapiga kwa kukisia. Ifungie lenzi ya milimita 50 na usiitoe mpaka urudi nyumbani. Miaka yangu yote ya kupiga picha za kupamba hapa Mji wa Kale nilikuwa na hiyo hiyo. Ukumbi umejaa wanawake, mabuibui yametundikwa, bi harusi amekaa juu, hakuna pa kurudi nyuma wala pa kubadilishia lenzi. Unasogea kwa miguu. (Kazi yenyewe ilikuwa kule dukani baadaye. Filamu ikioshwa nasimama palepale mashineni mpaka picha ya mwisho itoke, negativu nazikunja mwenyewe, maana humo mna wake za watu vichwa wazi.)

Mwanga. Saa za Uturuki ni hizi hizi zetu, ila Desemba jua lao huchomoza saa mbili na kitu asubuhi, na ikifika saa kumi na mbili kasorobo jioni limeshazama. Zile filamu za ASA 100 za kupigia pwani hazitakufaa, maana namba ikiwa ndogo filamu inataka mwanga mwingi. Nunua 400. Roli sita zinatosha, hizo ni picha 216, na kama utaweza ongeza mbili za Ilford HP5, nyeusi na nyeupe, kwa ndani ya misikiti. Ukiingia Msikiti wa Sultan Ahmet, fungua tundu la lenzi mpaka f/2, shata iweke 30, yaani sehemu moja ya thelathini ya sekunde, egemea ukuta, toa pumzi, ndipo ubonyeze. Na ukitoka kwenye baridi ukaingia penye joto, lenzi itafanya ukungu kama unavyotoka kwenye chumba cha kiyoyozi hapa Mombasa. Usiifute, ngoja.

Filamu usizitie kwenye sanduku linalokwenda chini ya ndege, mashine za huko ni kali. Zitoe maboksi, zitie kwenye mfuko wa plastiki unaoonyesha, uombe kwa adabu zikaguliwe kwa mkono. Zile mashine mpya za CT, za eksirei kali za kukagulia mikoba, zinaharibu filamu hata kwa kupita mara moja, na Kodak na Ilford wote wanashauri ukaguzi wa mkono. Istanbul kuna ukaguzi tangu mlangoni, kwa hiyo fika mapema.

Olympus mpe binti yako. Ana miaka minane, anaweza kuufungua ule mfuniko na kubonyeza. Mfundishe kitu kimoja tu: kila ikifunguliwa flashi hujirudisha, hivyo msikitini aizime kwanza. Mengine usimrekebishe. Kwenye feri ya Kadıköy, ambayo ni kama kivuko chetu cha Likoni ila ya kwao unakunywa chai kwenye bilauri yenye kiuno, mwambie akupige wewe na babake. Akikata vichwa, vikatwe. Harusi za nusu ya Mji wa Kale nimezipiga mimi, na ukifungua albamu zetu wenyewe utadhani nyie mlilelewa na baba peke yake.

Mjombako anakuja Nairobi Ijumaa, nampa zote mbili. Nimemwambia apande basi, maana treni pale Miritini wanapitisha mikoba mashineni. Nikon nimeshaitia roli ya kwanza, usiifungue. Kihesabu utakikuta kwenye 2. Hiyo moja nimejipiga mwenyewe asubuhi kwenye kioo cha kabati, dirisha likiwa wazi, na sikuvaa vizuri.

Nibusie wajukuu, na mkwe wangu msalimie.

Mamako