Faili la Masomo la Mkimbiaji Anayetaka Chuo Kikuu cha Marekani

Kila mara matokeo ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari Kenya, yanapotangazwa, wazazi wa vijana wakimbiaji hunipigia simu na kunieleza muda ambao mtoto amekimbia mita 5,000, kisha huuliza kama ufadhili wa Marekani utapatikana. Nami huwaomba kwanza ripoti za muhula za Kidato cha Kwanza. Nilisoma huko kwa ufadhili wa riadha uliolipia sehemu tu ya gharama, na tangu niliporejea nimekuwa nikiwasaidia wanafunzi wa Bonde la Ufa kuandaa makaratasi yao. Nimeona vijana wenye mbio za kusifika wakikwama kwa sababu ya masomo, huku wenzao wa kasi ya wastani wakipanda ndege.

Uwezekano wenyewe ni mdogo kuliko watu wanavyodhani. NCAA, chama kikubwa zaidi kinachosimamia michezo ya vyuo vikuu Marekani, huwaambia wazazi wa nchi yao kwamba takriban 2% tu ya wanamichezo wa sekondari hupata ufadhili wa michezo chuoni. Sisi hutazama majina makubwa: Henry Rono, aliyevunja rekodi nne za dunia mwaka 1978 akiwa mwanafunzi wa Washington State, au Edward Cheserek, aliyetwaa mataji 17 ya NCAA akiwa Oregon. Hao ni wachache mno katika umati mkubwa, na haifai familia ipange maisha ya mtoto kwa kuwatazama wao peke yao.

Tena ufadhili kamili si jambo la kawaida katika riadha. Kwa miaka mingi timu ya wanaume ya riadha na mbio za nyika katika Divisheni ya Kwanza, ngazi ya juu kati ya tatu za NCAA, iliruhusiwa kutoa jumla ya ufadhili kamili 12.6 tu, ambao kocha aliugawa vipande vipande kati ya wakimbiaji, warukaji na warushaji wake wote. Makubaliano kati ya NCAA na wanamichezo walioishtaki, yaliyoidhinishwa na mahakama Juni 2025, yaliondoa ukomo huo kwa vyuo vilivyojiunga nayo, lakini badala yake yakaweka ukomo wa idadi ya wanamichezo: 45 katika riadha na 17 katika mbio za nyika. Chuo sasa kinaweza kulipa zaidi kikitaka, ila hakilazimiki, na nafasi zenyewe zimebanwa. Divisheni ya Tatu haitoi ufadhili wa michezo kabisa, wala vyuo vya Ivy League, yaani vyuo vikuu vinane vya kifahari kama Harvard na Yale, havitoi. Katika Divisheni ya Tatu mwanafunzi husaidiwa kwa alama zake au kwa uhitaji wa familia yake, na katika Ivy League kwa uhitaji tu. Ndiyo maana nasisitiza kwamba alama nzuri darasani ni fedha. Kocha mwenye nusu ya ufadhili humtafuta mkimbiaji ambaye chuo kitamwongezea nusu nyingine kwa ajili ya masomo.

Sasa masharti yenyewe. Divisheni ya Kwanza hudai masomo ya msingi 16 katika miaka minne ya sekondari: Kiingereza miaka minne, hisabati mitatu, sayansi miwili, sayansi ya jamii miwili, na mengine ya kukamilisha idadi hiyo. Wastani wa masomo hayo usipungue 2.3 kwenye mizani ya 4.0 (ambapo A ni 4.0), Divisheni ya Pili hudai 2.2. Mtihani wa SAT au ACT, wa kuombea nafasi katika vyuo vya Marekani, haudaiwi tena na NCAA tangu 2023, ingawa chuo chenyewe kinaweza kuutaka. Kwa mwanafunzi wa Kenya idadi ya masomo kwa kawaida si tatizo, maana Kiingereza, hisabati na sayansi husomwa mwaka hadi mwaka. Tatizo ni alama, hasa za hisabati, na rekodi zenyewe. NCAA huomba rekodi za kuanzia mwaka wa tisa wa masomo, yaani Kidato cha Kwanza kwa waliosoma mfumo wa 8-4-4, na Gredi ya 9 kwa wanaofuata mtaala mpya. Mtoto aliyehama shule mara kadhaa kwa sababu kila shule ilimtaka timuni mwake huwa na rekodi zilizotawanyika. Mzazi, ziombe ripoti hizo kabla mtoto hajaondoka shuleni, zikiwa na muhuri na sahihi ya mwalimu mkuu.

Liko jambo jingine ambalo huniumiza kila mwaka. Kwetu ni kawaida kijana aliyepata alama hafifu kurudia Kidato cha Nne, na jamii humpongeza kwa juhudi zake. Divisheni ya Kwanza, hata hivyo, hutazama masomo yaliyokamilishwa ndani ya muda uliopangwa wa sekondari, kwa hiyo alama bora za mwaka wa kurudia zinaweza zisimsaidie. Divisheni ya Pili huyapokea masomo yote yaliyofanywa kabla ya kujiunga na chuo, nayo ina timu imara za mbio. Vilevile ipo njia ya vyuo vya miaka miwili: Sally Kipyego alianzia South Plains College kabla ya kung'ara Texas Tech, na Wesley Kiptoo alipitia Colby, Kansas, kabla ya Iowa State. Njia hiyo naiheshimu sana.

Muda baada ya shule nao huhesabiwa. Kanuni za Divisheni ya Kwanza zimekuwa zikimpa mwanariadha takriban mwaka mmoja baada ya kumaliza sekondari. Baada ya hapo, kila mwaka anaoendelea kushindana kabla ya kuingia chuoni unaweza kumgharimu msimu wa kushindana huko. Kijana anayekaa kambini Iten miaka mitatu akikimbia mbio za barabarani anapunguza thamani yake machoni pa kocha hata kama kasi yake inaongezeka. Kanuni hizi hurekebishwa mara kwa mara, hivyo soma toleo la mwaka wako kwenye tovuti ya NCAA yenyewe.

Kuhusu mawakala nitasema kwa ufupi: NCAA imekataza wakala kulipwa kwa masharti ya kupatikana kwa ufadhili au kwa kiasi chake. Anayekuomba asilimia fulani ya ufadhili anaweza kumharibia mtoto ustahiki wake, yaani ruhusa ya kushindania chuo. Kujisajili katika kituo cha NCAA kinachokagua ustahiki huo mtoto anaweza kufanya mwenyewe, kwa msaada wa mwalimu.

Kocha akileta barua ya ahadi, uliza maswali kabla ya sahihi. Ufadhili ni wa mwaka mmoja au wa miaka yote? Mtoto akiumia, utaendelea? Unalipia malazi na chakula, au karo peke yake? Swali hili la mwisho lina uzito kwa mwenye viza ya F-1, yaani ya mwanafunzi, kwa kuwa sehemu ya ufadhili inayolipia malazi na chakula hutozwa kodi, na chuo kwa kawaida hukata 14%. Familia nyingi hukutana na makato hayo mtoto akiwa tayari huko, hana kazi, na nauli ya kurudi haipo. Ni afadhali kiasi hicho kiwekwe kwenye bajeti kabla ya kwenda ubalozini kuomba viza.